Msaada Kutoka Kiti cha Nyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana watu wa nyuma hamkuitika, na leo nawahitaji sana watu wa nyuma. Mtajua kwa nini.

Kwa wageni, mimi ni Wanjala, Baba Nekesa. Nyumbani ni Bungoma, kazi ni Sandton, katika benki, na kazi yenyewe ni kukadiria hatari. Mtu akitaka mkopo wa kujenga kiwanda, mimi ndiye ninayekaa chini na kujiuliza ni kitu gani kinaweza kuharibika. Wenyeji mnanijua kwa jambo lingine. Mchungaji atawaambia kwamba somo la Jumatano haliishi kwa wakati kwa sababu yangu. Nauliza sana! Nikiingia kwenye lifti nataka kujua kamba yake ni nene kiasi gani na ilibadilishwa lini. Mke wangu Nafula husema kwamba hata siku ya hukumu nitainua mkono.

Na gari langu mnalijua. Ni lile la buluu lenye bomba la moshi linalonguruma, ambalo akina mama wa kwaya wamelilalamikia mara mbili. Ni gari la mbio, na injini yake inavuta magurudumu yote manne kwa pamoja. Nakiri mbele zenu kwamba nguvu zake hazina kazi hapa Johannesburg. Kutoka robot moja, yaani taa za barabarani, hadi nyingine pale Braamfontein, utazitumia wapi? Nililileta hapa uwanjani, mkaliombea, mzee akalipaka mafuta kwenye boneti, nami nikaongeza ombi langu la siri: Bwana, nipe mahali pa kulijaribu. Nilikuwa nimetazama video nyingi za watu wa nchi za baridi wakiendesha magari kama lile juu ya maziwa yaliyoganda, wanageuka na kuzunguka bila wasiwasi. Nikawa silali kwa maswali. Kitu kinachoteleza hivyo, gurudumu linakishika wapi? Manne yanashika zaidi ya mawili, au yanateleza yote kwa umoja?

Mwezi wa saba akaja mama mkwe kututembelea, na hapa inabidi niwaeleze wale wasiotoka kwetu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa kuwa mbali. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni, yeye haniiti jina, na tukiwa na neno la kuambiana tunapitia kwa mtu wa tatu. Basi mchukue heshima hiyo muiweke katika fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya sita! Nikitaka kupita kwenye korido nakohoa kwanza. Nikiingia sebuleni anahamia jikoni. Nilikula chakula chumbani kama mgonjwa. Asubuhi yeye akishuka kwa lifti, mimi nashuka kwa ngazi. Nilikuwa nasikia kwa masikio yangu akisema jikoni, "Mwambie Baba Nekesa chai iko tayari," na bado nangoja Nafula aje aniambie chai iko tayari.

Miaka kumi na minne nimemwoa binti yake, ndugu zangu, na mimi, mtu wa maswali, sikuwahi kumwuliza mama yule swali hata moja.

Lakini Mama naye alikuja na lake. Siku ya pili tu akamwambia Nafula kwamba maisha yake yote amekuwa akimwomba Mungu amsafishe awe mweupe kama theluji, na theluji yenyewe hajawahi kuiona. Alisikia huku kuna milima ambako inaanguka. Alitaka aiguse kabla hajafa, ajue hasa anachoomba ni nini. Niliposikia maneno hayo nikiwa nyuma ya mlango wa chumba, nilifurahi kwa sababu mbili, na moja kati ya hizo haikuwa safi. Akilini nilimwona Mama akigusa theluji. Pia niliona gari langu.

Redio ilipotangaza kwamba imeanguka theluji kwenye milima ya mpakani na Lesotho, nikasema Jumamosi tunaenda. Nekesa alikuwa na mechi ya netiboli, akabaki kwa jirani. Nafula akampeleka mama yake Mayfair kwenye maduka ya Wasomali, akarudi na koti zito, glavu na soksi za sufu. Kaka yake Nafula, yule mkubwa, akanipigia simu kutoka nyumbani. Hakusema mengi. Alisema mama wanaye mmoja, na kama naondoka naye mzima nimrudishe mzima. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa sauti ya mtu mwenye magurudumu manne.

Nilipitisha gari kwa Papa Kabongo, fundi wetu, yule pale na kwaya ya Wakongo. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi, akasema hizi ni tairi za joto, zikipata baridi zinakuwa ngumu kama mti. Nikamweleza habari za injini na magurudumu yote manne. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Iyi motoka itatembea, mukubwa," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Kusimama njo siyui."

Nilicheka. Nisamehe, Papa Kabongo.

Tuliondoka alfajiri. Kulikuwa na mjadala mdogo kama Mama anaruhusiwa hata kupanda gari moja nami, tukakubaliana kwamba kiti cha nyuma ni nyumba nyingine. Akakaa nyuma ya Nafula, leso kichwani, uso dirishani. Tulikuwa njiani kwa muda wa saa nne na nusu, maneno yote yakipita kwa Nafula. Mwambie Baba Nekesa kuna harufu ya mpira. Mwambie Mama ni hita. Mwambie Baba Nekesa nimeshukuru.

Halafu tukaiona. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Mlima ambao juma lililopita ulikuwa wa nyasi kavu za kahawia, umefunikwa wote! Barabara ya kupanda ilikuwa na theluji mbichi, na gari likapanda. Lilipanda kama liko kwenye lami ya Sandton. Tukapita magari mengine yamekwama pembeni, watu wanasukuma, na sisi tunapanda tu, bomba linanguruma. Kiburi kilinijaa mpaka nikaanza kuimba.

Juu kuna mahali pa wazi pa kuegesha. Mama akashuka, akavua glavu, akainama akachota. Akanusa. Akaweka kidogo kwenye ulimi. Kisha akajaza kifuniko cha chupa ya chai, akasimama nacho juani akingoja iyeyuke, na mimi kwa mbali nikawa natazama, kwa sababu ndicho hasa ningefanya mimi. Ilipokwisha kuyeyuka akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Mwambie Baba Nekesa," akamwambia Nafula, "hata theluji ina vumbi chini."

Lilinichoma neno hilo, lakini sikulifuata, maana nilikuwa na haraka ya kuingia kwenye gari. Wao wakinywa chai, mimi nilizunguka pale pa wazi. Nilizunguka mara ya kwanza kwa woga, mara ya kumi kwa raha. Nilijifunza kwamba ukikanyaga mafuta katikati ya kona mkia unatoka, na ukiachia unarudi. Nilijifunza mengi! Nafula akaja kwenye dirisha akasema Mama anasema tusichelewe, jua likiondoka upande huu barabara itakuwa mbaya. Nikajibu, "Mwambie Mama gari hili lina magurudumu manne." Nikaendelea kuzunguka. Nayatubia maneno hayo leo mbele zenu.

Tulipoanza kushuka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa mlima. Kona ya kwanza sawa. Ya pili gari likajinyoosha kidogo badala ya kukata kona, nikatulia. Kabla ya ya tatu nikasimama kabisa. Barabara iliinama kuelekea kona kali, na ilikuwa inang'aa. Asubuhi ilikuwa theluji, magari yakaikanyaga ikashikana, mchana ikayeyuka, na sasa kivuli kimeigandisha upya. Kulia kwetu ulikuwa mlima, na chini yake mstari mnene wa theluji ambayo haijakanyagwa. Kushoto kulikuwa na mawe madogo yaliyopakwa chokaa, na baada ya mawe kulikuwa na hewa.

Nafula akasema atashuka atembee mpaka kwenye kona aone kama kuna gari linalopanda. Akaenda akishika mwamba wa kulia, akiburuta miguu, akapotea nyuma ya kona.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimebaki ndani ya gari na mama mkwe. Sisi wawili peke yetu, milango imefungwa. Jambo hilo halijawahi kutokea. Nikakaza macho mbele kama askari wa gwaride, na kwa pembe ya jicho nikamwona kwenye kioo akivuta leso mpaka usoni. Hata kupumua tulipumua kwa adabu.

Na gari likaanza kwenda.

Ndugu zangu, mguu wangu ulikuwa kwenye breki! Nikakandamiza zaidi. Nikakandamiza kwa miguu yote miwili. Magurudumu manne yalikuwa yamekamatwa, hayazunguki hata kidogo, na gari linashuka polepole, bila kelele yoyote. Nikageuza usukani kulia, likaendelea kwenda kushoto. Nikavuta breki ya mkono, ikawa kama sijafanya kitu. Niliyaona yale mawe ya chokaa yakisogea kuelekea taa ya kushoto, na nikamwona kaka yake Nafula ameshika simu sikioni.

Mtacheka, lakini hata hapo akili yangu ilikuwa inauliza, na hapo ndipo ilipopata jibu. Magurudumu manne yanasaidia kwenda. Kwenye kusimama, kila gari duniani lina magurudumu manne. Papa Kabongo alinipa jibu hilo bure, na mimi nikalipeleka mpaka mlimani nikalilipie.

Nikamwita Yesu. Sikumaliza hata jina.

"Wanjala," sauti ikasema nyuma yangu. "Toa mguu."

Niliijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikia miaka kumi na minne ikipita kando yangu kwenda kwa mtu mwingine. Haikuwahi kuja kwangu, na jina langu halikuwahi kukaa ndani yake.

"Toa mguu kwenye breki, mwanangu. Yakifungwa hayawezi kukusikia."

Kila nilichojua kilikataa. Gari linaelekea kwenye hewa, nawe unaambiwa uache breki! Kazi yangu ni kukadiria hatari, na hiyo ningeikataa bila kusoma ukurasa wa pili. Lakini sikuwa na ukurasa wa pili. Nikatoa mguu.

Gari likaongeza mwendo. Halafu magurudumu yakaanza kuzunguka, na nikahisi uzito wa usukani ukirudi mikononi mwangu, kitu kidogo tu, kama mtu anayekushika kidole.

"Sasa geuza kulia. Acha pale panapong'aa, nenda kwenye theluji laini. Usiogope mlima. Mpe mafuta kidogo. Kidogo, Wanjala."

Nikampa kidogo. Na hapo, Mungu ni shahidi, magurudumu yote manne yakafanya kazi yake. Gari likavuta, likajikokota kutoka kwenye barafu, pua ikaingia kwenye theluji ya pembeni, likasimama. Chupa ya chai ikabingirika chini ya kiti. Nyuma kule, gurudumu la kushoto lilikuwa limeshagusa jiwe la chokaa na kulisukuma. Nililiona baadaye liko bondeni chini, na nilikaa nikilitazama kwa muda.

Machozi yalikuwa yananitoka, nasema wazi. Kisha nikafanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Nikiwa bado natazama mbele, nikamwuliza.

"Mama, ulijifunza wapi?"

Alipojibu, aliliambia dirisha. Alisema kwamba miaka tisa aliendesha pikapu ya chama cha kahawa, huko juu kwenye miteremko ya Elgoni, baada ya mume wake kuumia mgongo. Alibeba kahawa ya watu msimu wa masika, kwenye udongo mwekundu ambao ukilowa hata mbuzi anaanguka. Alisema udongo ule na barafu hii ni ndugu. Ukiona njia imekanyagwa ikang'aa, weka gurudumu kwenye majani. Ukiteleza, usimfunge, atakukasirikia. Alisema mara ya kwanza alifunga breki, akapoteza magunia yote mtoni, na tangu hapo hakufunga tena.

Miaka tisa, ndugu zangu! Nilikuwa nimetazama video za watu wa ng'ambo kutafuta jibu, na jibu lilikuwa jikoni kwangu likisema chai iko tayari. Baadaye nilimwuliza Nafula kwa nini hakuwahi kuniambia. Akashangaa. Akasema alidhani kila mtu anajua, na kwamba mimi sikuwahi kuuliza.

Nafula alirudi kutoka kwenye kona, akaona gari liko upande mwingine wa barabara, pua imezama kwenye theluji, na mimi nalia. Kabla hajasema neno, Mama alikuwa ameshavuta leso yake mahali pake.

"Mwambie Baba Nekesa," akasema, "ashuke hivi hivi, upande wa mlima, gia ya chini, asiguse breki."

Na Nafula akaniambia. Na mimi nikasema mwambie Mama nimesikia. Tukashuka hivyo mpaka chini, kona kwa kona, maneno yakitoka nyuma, yakipita kwa Nafula, yakija kwangu, na mguu wangu mbali na breki. Ilichukua karibu saa nzima kwa njia ambayo asubuhi tuliipanda kwa dakika chache. Katika mji wa kwanza tuliokuta, niliingia dukani nikanunua blanketi la Wasotho, lile zito lenye mistari, nikaliweka kwenye buti la gari bila kusema ni la nini.

Nimewaza sana tangu siku ile. Nilikuwa mtu wa kukandamiza, ndugu zangu. Kazini, nyumbani, hata kwenye maombi. Jambo likianza kuteleza, nalikamata kwa nguvu zote, na kadiri ninavyolikamata ndivyo linavyokwenda linakotaka. Nilidhani kuamini ni kitu cha watu wasio na maswali. Siku ile niliamini kwa mguu, kabla kichwa hakijakubali, na maswali yangu yote bado ninayo! Bwana hakuninyang'anya hata moja. Niliomba msaada kutoka juu, nao ukaja kutoka kiti cha nyuma, kwa mtu niliyemheshimu mpaka nikasahau kumjua. Na mama huyu alivunja mwiko wake wa maisha yote ili mimi nisife, na ili binti yake asirudi kwenye kona ile akakuta barabara tupu.

Kwetu mwiko ukivunjika haupuuzwi. Nilimpigia simu mjomba wangu kumwuliza inakuwaje. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena. Akasema kwa kuwa alivunja kwa kuokoa uhai, hakuna laana, kuna shukrani tu. Nitoe kondoo nyumbani, nimfunike blanketi mbele ya mashahidi, tusalimiane kwa mkono, na kuanzia hapo tunaweza kuzungumza kama watu. Kondoo ameshapelekwa. Kaka yake Nafula amempokea, na akasema ahadi yangu naye ameipokea.

Kama kuna mtu hapa leo ambaye jambo lake linateleza, na amekandamiza kwa miguu yote miwili na bado linakwenda, namsihi atoe mguu. Najua inavyotisha. Litaongeza mwendo kwanza, sitawadanganya. Lakini mwamini Bwana kwa ule muda mfupi, maana usukani hurudi. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye hujawahi kumwuliza habari zake, nenda kamwulize leo baada ya chakula.

Mashahidi niliowahitaji ni ninyi. Mama yuko pale nyuma, safu ya mwisho, karibu na mlango, ndiyo maana niliwaomba watu wa nyuma waitike. Anarudi nyumbani Alhamisi, na nina maswali ya miaka kumi na minne. Nafula, nipe hilo blanketi. Mchungaji, naomba ruhusa nishuke.

Mama, ni mimi, Wanjala. Naomba mkono wako.